Kwa nini mafuta yako Ziwa Albert na si Ziwa Victoria

WAVUVI wa dagaa wa Magu na mialo mingine ya Mwanza wamechoma mafuta ya taa kwa miongo mingi, usiku hadi usiku, katika karabai zao. Taa za umeme wa jua zimeanza kuzipokonya karabai kazi hiyo, lakini kilio cha bei ya mafuta hakijakoma. Ndiyo maana ni haki kuuliza: ikiwa Uganda, tunayeshirikiana naye ziwa, amegundua mafuta, kwa nini yasiwepo pia upande huu wa kusini?

Jibu linahitaji turudi nyuma kidogo. Agosti 1859, huko Titusville, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Edwin Drake alichimba kisima na kukuta mafuta katika kina cha mita 21 hivi. Mafuta yenyewe hayakuwa mageni. Tangu kale watu waliyakinga pale yalipochuruzika juu ya ardhi. Kipya kilikuwa mbinu. Drake alishindilia bomba la chuma ardhini ili udongo na maji visizibe shimo, kisha akachimba kupitia ndani ya bomba hilo.

Wakati huo hapakuwa na magari. Kilichotafutwa ni mwanga, na petroli iliyopatikana wakati wa kusafisha mafuta ya taa ilionekana kuwa takataka. Mafuta ya taa yalisafirishwa ng'ambo katika makopo ya bati ya galoni 5 za Kimarekani, mawili katika kila sanduku la mbao. Yakiisha, bati hubaki. Debe tunalopimia mahindi sokoni ni mrithi wa makopo ya namna hiyo.

Afrika Mashariki nayo ilianza kwa mafuta yaliyojitokeza yenyewe. Katika miaka ya 1920, mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni ya Uganda, E. J. Wayland, aliandika kuhusu sehemu kadhaa kandokando ya Ziwa Albert ambako mafuta yalichuruzika. Mwaka 1938 kisima kirefu kilichimbwa karibu na Butiaba, dalili zikaonekana, lakini Vita Kuu ya Pili ikazuka na kazi ikazorota. Mafuta ya kutosha biashara yalithibitishwa mwaka 2006, yaani miaka 68 baadaye.

Kwetu, BP na Shell walipewa leseni ya kutafuta mafuta pwani mwaka 1952. Walichimba Mafia, Unguja na Pemba bila kupata cha kuuza, wakaondoka mwaka 1964. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, miaka mitano baada ya kuundwa kwa Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC), nayo ikangoja hadi mwaka 2004 kufika Dar es Salaam.

Sasa turudi ziwani. Mafuta hutokana na mabaki ya viumbe wadogo wa majini yaliyofukiwa chini ya tabaka nene za tope na mchanga, yakapikwa na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka. Ziwa Albert limo ndani ya Bonde la Ufa, ambako ardhi ilididimia na tope kurundikana kwa kilomita kadhaa. Ziwa Victoria limekaa kama sahani kati ya matawi mawili ya bonde hilo. Kina chake ni mita 80 tu, na tope la chini yake ni jembamba. Chini ya tope hilo kuna mwamba mkongwe wa itale, uleule unaochomoza Mwanza mjini kama Jiwe la Bismarck. Una umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Miamba ya kale ya ukanda huu imetupa dhahabu ya Geita, lakini itale haizai mafuta. Anayenunua shamba Magu kwa kusikia tetesi za mafuta, na atazame kwanza mawe yaliyomo shambani.

Hata bomba la mafuta ghafi ya Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linapitia Kagera na Geita bila kuugusa Mkoa wa Mwanza. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo bomba limebuniwa kupashwa moto njia nzima.

Palipo na matumaini karibu nasi ni bonde la Eyasi-Wembere, kusini-mashariki mwa ziwa, ambalo TPDC imekuwa ikilichunguza. Hilo limo ndani ya Bonde la Ufa.