Wengi Wodini Walichanjwa? Gawanya Kwanza

Swali hili sitalijibu tena kwa upole: "Kama wengi wanaougua ukambi walichanjwa, chanjo ni ya nini?" Huulizwa Silanga, huulizwa Kawangware, na kila anayeuliza hudhani amefichua njama.

Haya, tupige hesabu. Tuseme Silanga ina watoto 1,000: 900 walidungwa mara moja wakiwa na miezi 9, na 100 hawakudungwa kamwe. Katika umri huo dozi moja hukinga takriban watoto 85 kwa kila 100, basi 135 kati ya wale 900 wamebaki wazi. Ukambi ukiwafikia wote, hushika kama 9 katika kila 10 wasio na kinga. Utapata wagonjwa 121 waliochanjwa na 90 wasiochanjwa. Naam, waliochanjwa ni wengi! Sasa gawanya. 121 kwa 900 ni asilimia 13. 90 kwa 100 ni asilimia 90. Anayehesabu vichwa wodini bila kuuliza kila kundi lilikuwa na watoto wangapi hajahesabu kitu. Kwa mantiki yake, chai ndiyo inayoua, maana wengi wanaogongwa na matatu walikuwa wameinywa asubuhi.

Kinachotukosesha usingizi sisi tunaounda modeli za magonjwa ni kingine. Pasipo na kinga yoyote, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Kuuzima mlipuko kunataka watu 92 hadi 94 kwa kila 100 wawe na kinga. Hata kila mtoto apate dozi ya kwanza, 85 haitoshi, na ndiyo sababu kuna ya pili, ya miezi 18, ambayo wazazi wengi huiona ya hiari. Wala msiniletee wastani wa kaunti wa waliochanjwa. Virusi hivi hukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na ploti moja yenye watoto wasiochanjwa yatosha kuuwasha moto.

Na kumwogesha mtoto kwa mwarobaini? Vipele vikitokea, mtoto ameshaambukiza wenzake kwa siku nne. Mtamwogesha nani?

Basi: miezi 9, kisha 18, bure katika vituo vya serikali. Kijitabu cha kliniki kimepotea? Nenda hivyo hivyo. Dozi ya ziada haidhuru. Amekaa na mgonjwa? Chanjo ndani ya saa 72 bado husaidia. Ameugua? Kliniki, apewe vitamini A, si antibayotiki za kubahatisha dukani.