Kuandika Hakupimwi kwa Kuhesabu Madaftari

Mtaa wa Kamwokya, ulio kando ya barabara ya Kira mjini Kampala, si mgeni wa maandishi. Jirani yake lipo Jumba la Makumbusho la Uganda. Hapo hapo Kamwokya yapo makao ya FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoasisiwa katika miaka ya 1990 kwa juhudi za Mary Karooro Okurut. Miongoni mwa wanachama wake alitokea Monica Arac de Nyeko, aliyetunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hata hivyo, katika mtaa huo huo wa nyumba zilizosongamana, wamo watoto wa shule za msingi wanaonakili bila kosa kila kilichoandikwa ubaoni. Waombe watunge mistari mitano ya kwao wenyewe, utaona kalamu inasimama.

Tangu Uganda ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, madarasa yamejaa, na wenye nia njema wamekuja na mipango mingi ya kuinua kusoma na kuandika. Tunawashukuru. Lakini yafaa tuulize: mipango hiyo hupimwaje? Mara nyingi taarifa huhesabu vitabu vilivyogawiwa na walimu waliohudhuria semina. Hizo ni hesabu za mtoaji, wala si za mtoto.

Mfano mzuri wa upimaji upo humo humo Uganda, katika eneo la Lango, upande wa kaskazini. Mwaka 2013 wataalamu Jason Kerwin na Rebecca Thornton walianza kuupima mpango wa Mango Tree wa kufundisha kusoma na kuandika kwa lugha ya mama, katika shule 38 za serikali. Shule ziligawanywa kwa kura mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipata mpango kamili, pamoja na vibao vidogo vya watoto kuandikia kwa chaki. La pili lilipata mpango uliopunguzwa gharama, bila vibao hivyo. La tatu halikupata kitu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yanatisha. Watoto wa mpango kamili waliwapita wenzao kwa mbali katika kusoma na kuandika. Wale wa mpango uliopunguzwa hawakupata faida ya kutegemewa katika kusoma; na katika baadhi ya vipimo vya utungaji walikuwa nyuma hata ya watoto ambao hawakupata mpango wowote!

Hatusemi kwamba kukosekana kwa vibao peke yake ndiko kulikoleta hasara hiyo, kwani msaada kwa walimu pia ulipunguzwa. Tunachosema ni kwamba, lau watafiti wangepima kutambua herufi tu, mpango wa bei nafuu ungesifiwa, na madhara yake yangejificha.

Basi anayekuja Kamwokya na mpango wake na atimize mambo matatu. Kwanza, awape watoto kazi ya kutunga kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na awalinganishe na shule isiyo na mpango. Pili, asahihishaye asitazame mwandiko na tahajia tu, bali aulize kama mtoto ana jambo la kusema na kama amelipanga likaeleweka. Tatu, mtoto apimwe kwa lugha aliyofundishwa kwayo. Mtaala wa mwaka 2007 ulielekeza madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali. Kumpima mtoto wa namna hiyo kwa Kiingereza pekee ni kumdhulumu.

Mzazi anayetoa jasho lake sokoni ili mwanawe apate daftari anastahili kujua ukweli. Wahenga walinena: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mpimaji naye hana budi kuinama juu ya dawati, asome alichoandika mtoto.