Siku ya Juma katika Daftari la Kompyuta



Wengi mmeuliza kwa nini, tangu daftari letu la malalamiko litiwe katika kompyuta, karani haandiki tena siku ya juma bali hutaka tarehe tu. Sababu yake naliiona Mbinga.

Mwaka jana nalikwenda huko kuwatazama wakulima wa kahawa, kisha nikateremka hata Mbamba Bay, pwani ya Ziwa Nyasa. Katika chama kimoja cha msingi nikakuta wazee wameketi nje ya ghala iliyofungwa. Walitembea tangu alfajiri waje wasikilizwe shauri la uzani wa kahawa yao. Hati zao zilisema Alhamisi. Mkaguzi wa mizani alikuja Jumatano, akaenda zake.

Karani wao hakuwa mzembe. Katika maagizo aliyoiandikia programu aliweka siku kwa namba, akahesabu kama tuhesabuvyo sote: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, mpaka Jumatano ni 5. Lakini programu ile ilianza hesabu kwa Jumapili, kama ifanyavyo Excel isipoamriwa vingine, na kwake 5 ni Alhamisi. Hata Kiarabu chasema hivyo, khamsa ni tano. Sisi Waswahili tuna siku mbili za tano zinazofuatana, wala hatupotei! Mashine hupotea.

Tena programu zenyewe hazipatani. Kanuni ya kimataifa, ISO 8601, huifanya Jumatatu kuwa 1. JavaScript huipa Jumapili 0. Basi tumemwagiza fundi wetu kwamba siku isitiwe kwa mkono kamwe. Karani atie tarehe, mwaka kwanza, mfano 2024-05-08, na programu itoe yenyewe neno Jumatano. Asiandike 8/5, maana Mmarekani husoma 5 Agosti.

Limebaki jambo la usiku. Kwa desturi yetu siku huanza magharibi. Kwa kompyuta huanza saa 6 usiku. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa", kompyuta ingali Alhamisi. Na programu ikiachwa kwa saa za Greenwich, zilizo nyuma yetu kwa saa 3, lalamiko la saa 7 usiku huandikwa la jana. Yetu imekwisha wekwa saa za Afrika Mashariki. Nanyi mkileta habari ya karafuu zilizopimwa usiku, tafadhali mtaje tarehe, na kama ilikuwa kabla ya saa 6 au baada yake.