Kompyuta ya gari ikizima: uitengeneze au uibadilishe?

Simama asubuhi kituo cha daladala cha Bububu uyaangalie magari yanayopita baina ya Mjini na Mahonda. Mengi ni ya Kijapani, yametumika kwao miaka kadhaa ndipo yakashushwa bandarini kwetu, kwa sababu bei yake inabebeka na usukani wake uko kulia kama barabara zetu zinavyotaka. Gari hushuka na vyote vilivyomo, na siku hizi kilichomo katikati ya dashibodi kimeshapita kuitwa redio. Ni kompyuta. Ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma, inayoshika simu, inayotoa ramani. Na katika gari la umeme mara nyingi ndiyo pia inayochora matumizi ya betri na kupanga saa ya kuanza kuchaji.

Magari ya umeme mtupu bado ni machache Unguja. Ya haibridi, kama Toyota Prius na Aqua, yameshazoeleka, na nyuma yake inakuja Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Disemba 2010. Leaf za mwanzo zina betri ya kilowati-saa 24. Kuijaza kutoka chini kabisa ni kama uniti 24 za umeme wa Tukuza na ziada kidogo inayopotea njiani. Hesabu hiyo inavutia, hasa petroli inapopanda. Lakini gari lililotengenezwa 2011 lina kompyuta ya 2011, na hapo ndipo mnunuzi anapokutana na gharama ambayo hakuiweka kwenye bajeti: skrini imegoma, na fundi anamuuliza atengeneze iliyopo au aweke nyingine.

Kisa kinachofundisha zaidi juu ya swali hili kimetoka Marekani. Tesla Model S ilipoanza kuuzwa 2012 ilikuja na skrini ya inchi 17 na kompyuta yenye prosesa ya Nvidia Tegra 3. Kumbukumbu yake ilikuwa chipu moja ya gigabaiti 8 iliyolehemiwa kwenye bodi. Chipu za namna hiyo zina ukomo: kila sehemu yake huandikwa na kufutwa mara elfu kadhaa, kisha inachoka. Gari lilikuwa likiandika habari zake lenyewe kila siku, kwa hiyo baada ya miaka mitano au sita chipu ikawa imekwisha. Skrini ilianza kuchelewa kuwaka, ikawa inajizima na kujiwasha, mwisho ikabaki nyeusi. Ikiwa nyeusi, kamera ya nyuma ilikwenda nayo, pamoja na vidhibiti vya kuondoa ukungu kiooni na hata mlio wa indiketa. Mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, NHTSA, iliingilia kati, na Februari 2021 kampuni ilikubali kuyaita magari karibu 135,000 ya Model S na Model X ili yabadilishiwe bila malipo kipande kinachobeba kumbukumbu, safari hii cha gigabaiti 64.

Sehemu nyingine zote za kompyuta zilibaki vilevile. Kilichokufa ni kipande kimoja, na kipande kimoja ndicho kilichobadilishwa.

Lakini tangu 2020 kampuni ilikuwa ikiuza pia njia ya pili. Kwa dola 2,500 mwenye gari aliwekewa kompyuta ya kizazi kipya yenye prosesa ya Intel, nyepesi zaidi na yenye kucheza video. Waliolipa mwanzoni walipoteza redio ya AM na FM, maana kompyuta mpya haikuja na kipokezi cha redio. Kipokezi kikaja kuuzwa baadaye kwa dola 500 nyingine. Kwa mtu anayerudi Bububu jioni na kutaka taarifa ya habari ya ZBC na taarabu kidogo, huko si kupanda daraja hata kidogo. Tena Tesla haina kituo cha huduma Afrika Mashariki, na kompyuta mpya haifanyi kazi mpaka ioanishwe na gari kwa programu za kampuni yenyewe. Mtu akiileta Model S Unguja kutoka Uingereza, njia ya kubadilisha kompyuta nzima imefungwa kabla hajaanza kuifikiria.

Njia ya kutengeneza iko wazi, kwa sababu kazi yenyewe fundi mzuri wa simu anaijua. Bodi inatolewa, chipu inapashwa kwa hewa ya moto mpaka risasi iliyoishika inayeyuka, inanyanyuliwa kwa kibano na kuwekwa kwenye kisomeo. Yote yaliyomo yananakiliwa, yanaandikwa kwenye chipu mpya yenye nafasi kubwa, na hiyo mpya inalehemiwa mahali pa ile ya zamani. Sharti kubwa ni wakati. Ndani ya chipu mna vyeti vya kidijitali ambavyo gari hutumia kujitambulisha kwa kampuni, na kila gari lina vyake. Fundi akiiwahi chipu ingali inasomeka, gari linarudi kama lilivyokuwa. Ikifa kabisa na vyeti vimekwenda. Ndiyo maana skrini inayojizima mara mbili tatu kwa wiki ni dharura, ingawa gari bado linatembea.

Kwa magari yetu ya kila siku ugonjwa mara nyingi ni mwepesi kuliko huo, na hapo watu hupoteza fedha bila sababu. Betri ndogo ya volti 12 ikifunguliwa, hata kwa kubadilishwa tu, skrini nyingi za Toyota za soko la Japani hujifunga na kudai kadi ya ramani, kwa maandishi ya Kijapani. Kadi mara nyingi haipo, ilishachomolewa huko nyuma. Mwenye gari anaambiwa redio imekufa. Haikufa. Skrini inaweza kuonyesha namba ndefu, na kwa namba hiyo fundi anayejua hupata namba ya kujibu na kuifungua. Kuing'oa kompyuta nzima kwa sababu hiyo ni kutupa kitu kizima.

Hata hivyo kuifungua hakumalizi kila kitu. Redio ya Kijapani imetengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90, yaliyokuja kuongezwa hadi 95. Sisi tunarusha kati ya 87.5 na 108. Kuna kifaa kidogo cha kuyashusha masafa yetu ili redio hiyo iyasikie, lakini usikivu hupungua, na namba unayoiona kwenye skrini si namba ya stesheni unayoisikiliza. Leaf ya soko la Japani nayo hukuandikia Kijapani.

Kwa hiyo mimi naupima uamuzi kwa jambo moja: kazi ambazo skrini imezibeba. Kama imebeba redio, kamera na ramani tu, na kiyoyozi kina vitufe vyake, weka redio ya Android ya Kichina na usijute. Utapata Kiswahili, utapata FM yote, na ramani inayoijua Unguja. Kama imebeba mipangilio ya gari lenyewe, itengeneze iliyopo, hata kama bei ya kutengeneza inakaribiana na ya kununua mpya. Ukiing'oa skrini ya Leaf yenye saa ya kuchaji ndani yake, umeing'oa na saa hiyo.

Na anayechagua kubadilisha asimamie ufungaji kwa macho yake. Nyuma ya redio hizi mna waya wa njano unaochukua umeme wa betri muda wote, na mwekundu unaochukua umeme funguo inapowashwa. Fundi akizikutanisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio haiendi kulala na betri ya volti 12 inanyonywa usiku kucha. Kwa gari la petroli lenye gia za mkono utasukumwa na vijana wa mtaani ukaondoka. Kwa gari la umeme hakuna wa kukusukuma: betri kubwa inaweza kuwa imejaa mpaka juu, lakini betri ndogo ikiisha gari haliwaki. Kamera nayo ina balaa lake, maana baadhi ya kamera za Toyota zinatumia volti 6, na ukiziunga moja kwa moja kwenye volti 12 zinaungua. Plagi ya kuunganishia inayolingana na gari hugharimu kidogo sana ukilinganisha na redio yenyewe, lakini bado mafundi wengi hukata waya za gari, huzisokota na kuzizungushia teipu. Kwenye hewa yetu ya chumvi, kiungio cha namna hiyo huanza kuota kutu ya kijani, na baadaye gari linaonekana lina ugonjwa mkubwa wa umeme, kumbe ni waya tu.

Betri hiyo ndogo ndiyo ya kupimwa kwanza hata kabla ya kuijadili skrini. Ikiwa imepumzika na inasoma chini ya volti 12, kompyuta itafanya vituko vyote vya chipu mbovu na hali ni nzima. Kipimo hicho ni cha dakika moja kwa mita ambayo kila fundi umeme anayo, na mteja ana haki ya kutaka aone namba kabla ya kukubali bodi ifunguliwe.

Upande wa biashara, fedha kubwa ya miaka ijayo iko kwenye ujuzi huu. Redio ya Kichina anaiuza kila mtu, na faida yake inazidi kupungua. Fundi anayeweza kunakili chipu, kusoma mchoro wa saketi na kuutofautisha ugonjwa wa betri na wa bodi ana kazi inayobaki kisiwani: mteja hatumi fedha Dubai wala Shenzhen, anamlipa mtu wa Bububu au Mwanakwerekwe. Tunao vijana wenye mikono ya kazi hiyo kwenye vibanda vya simu, na tunao mafundi umeme wa gari wanaolijua gari. Makundi mawili haya hayajakutanishwa. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali zikiwaweka darasa moja kwa kozi fupi, kwa vifaa ambavyo vingi vimo tayari kwenye meza za mafundi simu, soko la kazi hiyo litajitengeneza.

Na wewe unayejiandaa kununua, usilipe kabla ya kuiwasha skrini na kuiacha iwake nusu saa. Tia gia ya nyuma uione kamera. Muulize muuzaji kadi ya ramani iko wapi, na idai iandikwe kwenye makubaliano kama kitu cha gari. Akikwambia skrini ni jambo dogo, mwambie aitengeneze yeye kwanza.