Kazi haiko loto: mafundi wa vyombo vya anga na sisi watu wa mine

Koltani iko. Kobalti iko. Shaba iko. Lakini leo hatusemi juu ya Kolwezi ao Rubaya. Tunasema juu ya mchezo wa ordinateri unaoitwa Elite Dangerous, ambao kampuni Frontier Developments ya Uingereza ilitoa mu mwaka 2014. Mchezaji anapewa chombo kidogo cha kuruka mu anga, na mbele yake kuna nyota karibu miliari 400. Anaweza kubeba mizigo, kupigana ao kuchimba. Sisi tunataka kuwaonyesha, wapendwa wasomaji, kanuni moja ya mule ndani iliyobadilishwa, kwani inagusa kila mtu anayeuza jasho lake.

Tuanze na kuchimba. Mawe yanazunguka sayari, na chombo kinayakaribia. Mchimbaji anatuma kwanza ka-mashini kadogo kapime jiwe. Kanamuonyesha teneri, ni kusema koltani iko asilimia ngapi. Akiona inafaa, anakata na laseri. Vipande vinaingia mu rafineri iliyo ndani ya chombo, tani kwa tani. Tangu Desemba 2018 kuna pia mawe ya kupasua na baruti: ukitia kidogo halipasuke, ukizidisha mali inaharibika. Watu wa mine hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa mafundi. Chombo cha kununua sokoni ni cha kawaida tu. Tangu Mei 2016 unaweza kupeleka piyesi zake kwa fundi azitengeneze upya, na kila fundi iko na masharti yake. Felicity Farseer njo anajulikana sana kwa mashini ya kuruka toka nyota mpaka nyota ingine. Selene Jean, fundi wa bodi, hana wakati na wewe mpaka umechimba tani 500.

Lakini hakuna kitu cha bure. Kuna ngazi 5. Ukifika mwisho ya ngazi ya 5 ya kuongeza mruko, ile mashini inaweza kurusha vizuri uzito wa asilimia 55 zaidi. Ni mali kweli. Lakini yenyewe inakuwa nzito asilimia 30 zaidi, inakula umeme asilimia 15 zaidi, na ugumu wake unapunguka asilimia 15. Jenereta nayo ukiilazimisha itoe nguvu nyingi, inatoa na moto mwingi. Mekanisiye yeyote wa kwetu anajua: ukiongezea kamio ya zamani nguvu, uangalie na radiateri, na freni.

Shida ilikuwa mahali pengine. Mwanzoni, fundi alikuwa sawa loto. Unazunguka siku mingi kutafuta vifaa, arseniki na vingine, unamuletea, anavitumia vyote, kisha bahati njo inaamua. Piyesi inaweza kutoka muzuri, inaweza pia kutoka mubaya kuliko ile uliyo nayo. Vifaa vimekwisha. Unarudi kutafuta tena.

Februari 2018 kanuni ikabadilishwa. Tangu siku ile, kila mara fundi akigusa piyesi mu kazi ileile, inasonga mbele, hata kidogo, hairudi nyuma. Wewe mwenyewe unachagua na nyongeza ya mwisho, hapana bahati tena. Ukigeuza mawazo ukataka piyesi ifanye kazi ingine, ile ya kwanza inafutika na unalipa upya. Lakini unajua mbele ya kulipa.

Tuangalie vizuri: hawakufanya kazi kuwa ya bure. Vifaa bado vinatafutwa, na ngazi ya juu bado iko bei kali. Walitosha kitu kimoja tu: jasho kupotea juu ya meza ya fundi.

Kwetu pia bahati ziko mbili. Krezeri anaweza kushuka mu shimo juma nzima asikute mshipa. Ile ni bahati ya udongo, hakuna mwenye kuiamuru. Lakini mfuko ukifika ku depo, na ile mashini ya kupima tunayoita metorex inasomwa na mnunuzi peke yake, ile haiko tena bahati ya udongo. Ni watu wameitengeneza vile, na kitu ambacho watu wametengeneza kinaweza kutengenezwa upya.

Mu mchezo, mwenye kuchimba anaona teneri mbele ya kukata jiwe. Kwetu inaanza na mambo madogo: kuomba namba isomwe mbele ya wote wawili, kuiandika, kupima mara ya pili mahali pengine kama kooperative iko na mashini yake. Mifuko ileile, teneri ileile.

Na ninyi, baba na mama, mtoto akiwaomba mega za intaneti juu ya kucheza, msikatale mbio. Mumuulize kwanza: piyesi hii umeongeza, umeilipa na nini, na imekupunguzia nini? Akijua kujibu, ameanza kujifunza hesabu ya kazi.