Glasi ya Maziwa Kabla ya Basi

Saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Dodoma, niliagiza maziwa ya moto na chapati mbili. Kabla hatujafika Gairo tumbo lilikuwa linanguruma kushinda injini, nikawa abiria wa kwanza kumwomba kondakta tukachimbe dawa. Jirani yangu wa kiti, mzee wa Kimasai aliyekunywa glasi mbili kutoka sufuria lilelile, alikuwa amelala fofofo.

Maziwa hayakuwa mabovu. Mimi na mzee tulitofautiana kwa kimeng'enya kimoja tu: laktasi.

Protini ya maziwa huganda kwa asidi ya tumbo, kisha vimeng'enya vya kongosho huikatakata. Mafuta hushughulikiwa kwa msaada wa nyongo. Hapo sote tuko sawa. Kazi ipo kwenye sukari yake, laktosi, ambayo ni mapacha walioshikana: glukosi na galaktosi. Ukuta wa utumbo mwembamba hauwapitishi mpaka watenganishwe, na mkasi wa kuwatenganisha ni laktasi, inayokaa juu ya vijidole vya ukuta huo. Mkasi usipokuwepo, laktosi huteremka nzima hadi utumbo mpana, ikivuta maji njiani. Huko bakteria hawaalikwi mara mbili. Wanaichachusha, na gesi ya haidrojeni na kaboni dioksidi inafumka. Ndiyo ngurumo ile.

Karibu kila mtoto huzaliwa na mkasi huu. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani mwili huacha polepole kuutengeneza. Kwa hiyo mwenye tumbo la kawaida ni mimi. Kioja ni mzee.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Mtu alinyweshwa gramu 50 za laktosi, kiasi kinachopatikana katika lita moja na kidogo ya maziwa, kisha akachomwa kidole mara kadhaa ndani ya saa moja. Glukosi ikipanda damuni, mapacha wametengana. Kwenye vinasaba vya wengi walioweza, watafiti walikuta herufi moja imebadilika karibu na jeni ya laktasi, na si badiliko lile linalowawezesha Wazungu wengi kumudu maziwa. Walikadiria kwamba hili la Afrika lilizuka kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, wakati ufugaji ulipokuwa ukienea huku kwetu. Huenda wakati wa ukame aliyeweza kunywa maziwa bila kuharisha alipata chakula na maji kwa mkupuo mmoja, akaishi, akazaa.

Wanaonitatiza ni Wahadzabe. Hawafugi, lakini karibu nusu ya waliopimwa waliimudu laktosi. Ya nini, kwa watu wa asali, ubuyu na nyama ya pori?

Sisi wengine tusio na mkasi tumeachiwa kibuyu cha kugandishia maziwa. Maziwa yakigandishwa, bakteria hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, na baadhi yao huingia tumboni na mikasi yao. Kalsiamu na protini hubaki palepale.

Siku ya kurudi, mama wa mgahawa pale Morogoro aliniuliza: "Freshi au mtindi?" Nikachukua mtindi, nikaongeza vijiko viwili vya sukari. Hiyo ya miwa nayo ni mapacha, lakini mkasi wake ninao.