Yakuti ya bonde la Umba: jinsi ilivyoumbika, na tahadhari kwa familia zetu

Neno yakuti si geni masikioni mwa familia za Kiislamu, kwani jiwe hilo limetajwa katika Sura ya Ar-Rahman. Hata hivyo, wengi hawafahamu kuwa yakuti hupatikana mkoani Tanga, katika bonde la mto Umba, unaoanzia milima ya Usambara na kuingia baharini upande wa Kenya, karibu na Vanga. Mawe hayo yamejulikana katika masoko ya dunia tangu miaka ya 1960. Leo tunakusudia kueleza asili yake, kwa sababu asiyeijua asili ya jiwe huchimba pasipo na kitu, au hununua chupa kwa bei ya yakuti.

Kilomita nyingi chini ya miguu yetu, zipo sehemu ambamo mwamba huyeyuka kwa joto na kuwa uji mzito uitwao magma. Uji huo unapopoa, madini hayagandi yote kwa mara moja. Hutangulia yale yenye chuma na magnesiamu kwa wingi, hufuata jamii ya feldispa, na kwazi, ambayo ni silika tupu, huwa miongoni mwa ya mwisho. Mfano ulio karibu nasi ni mashamba ya chumvi ya pwani: maji yakikauka polepole, punje hukua, yakikauka upesi, hubaki ndogo.

Masalia ya magma, yenye maji mengi, hupenya katika nyufa za miamba mingine na kuganda kuwa mishipa ya pegmatiti, yenye fuwele kubwa kubwa. Kwa kawaida mishipa hiyo haina yakuti. Yakuti ni alumini na oksijeni, na palipo na silika nyingi, alumini huungana nayo na kufanya madini mengine. Lakini huko Umba mishipa iliingia ndani ya mwamba wa serpentini, wenye magnesiamu nyingi na silika haba. Mwamba huo ukaivuta silika kutoka katika mshipa, na alumini iliyosalia ikaganda kuwa yakuti. Chembe chache za chuma, titani, kromi na vanadi zikaipa rangi zake: buluu, manjano, machungwa na zambarau. Nyingine hubadilika rangi zikitolewa juani na kutazamwa kwa taa.

Katika maelezo haya tunapata mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, mchimbaji aitafute yakuti pale pegmatiti inapopakana na serpentini, au katika changarawe ambako maji yameisogeza baada ya mwamba kumomonyoka. Si kila mwamba unaometameta una yakuti, na shimo lisilo mahali pake humaliza nguvu za kijana na akiba ya wazazi wake.

Pili, mnunuzi asitegemee kukwaruza peke yake. Katika kipimo cha ugumu cha daraja 1 hadi 10, yakuti ni 9, kwazi ni 7, na chupa ni kiasi cha 5.5. Chupa itajulikana, lakini yakuti ya kiwandani haitajulikana, kwa kuwa ugumu wake ni ule ule. Njia ya kuitengeneza yakuti nyekundu ilitangazwa mwaka 1902 na Mfaransa Auguste Verneuil. Kwa hiyo jiwe la thamani lipelekwe kwa mtaalamu mwenye vyombo, na biashara ifanyike kwa wenye leseni, katika masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019. Auzaye chupa kwa jina la yakuti amefanya ghushi, na mali ya ghushi haina baraka.

Tatu, yakuti haioti tena kama mhogo. Ilichukua mamia ya mamilioni ya miaka hadi kufika juu ya ardhi ya Umba, nayo huondoka kwa siku moja mfukoni mwa mtu. Basi mwenye kuipata asiharakishe kuiuza kabla hajajua thamani yake, na atakachokipata akielekeze kwenye yale yatakayodumu nyumbani mwake, likiwemo somo la watoto.